Pine ya sekuru iliyokataa kushuka

Goma, kartie Katoyi

Mama yangu mupenzi,

Nakusalimia kwa mikono miwili, wewe na wote wanaoamka katika nyumba yetu. Magoti yanaendeleaje na hii mvua? Ile dawa ya kupaka niliyotuma kwa boti, ilikufikia? Mimi niko muzima. Vumbi la mawe meusi linanikausha midomo na maji tunachota mbali, lakini nakula, nalala, na Jumapili sikosi misa. Kwa simu sauti yako inakatika-katika, ndiyo maana nimeamua kuandika. Mwambie kaka Paskali akusomee polepole, asiruke neno hata moja.

Mama, kuna jambo lilitokea hapa garaje, na tangu siku ile natembea kichwa juu.

Ilikuwa asubuhi, saa tatu hivi. Patron, mwenye garaje, alikuwa ameenda mpakani kutafuta vipuri. Tulibaki mimi na Jado, yule fundi mukubwa ambaye kwa miaka miwili amenipa kazi ya kuosha vyuma na kutia pine za magari upepo, basi. Ikaingia gari ya kituo kimoja cha afya, zile kubwa zinazovuta kwa magurudumu yote manne. Ilikuwa inachechemea. Jiwe la volkano lilikuwa limekata pine ya nyuma ubavuni, ufa wa kuingiza vidole. Hiyo haizibiki, na garaje haikuwa na ingine ya ukubwa ule.

Ndani alilala mwalimu mumoja wa Kalengera. Alikuwa anapigilia bati kwenye paa la shule akaanguka, mufupa wa paja ukavunjika. Walimufunga juu ya ubao, wakasafiri naye tangu alfajiri. Muganga aliyemusindikiza, Mama Odeta, alishuka mbio.

"Daktari wa mifupa anatungoja Bukavu, na boti inaondoka bandari ya Kituku saa tano," akatuambia. "Ingine ni kesho kutwa. Muguu wake umeanza kuwa baridi, hauwezi kungoja. Na tusimuhamishe gari ingine. Kila tukimugusa anazimia."

Pine ya sekuru, ile ya akiba, ilikuwepo, muzima kabisa. Lakini kwa gari zile inaning'inia chini ya tumbo la gari, nyuma, kwa munyororo. Unaingiza chuma kirefu katika tundu, unazungusha, na winchi ndogo inaishusha. Shofere aliyewaleta alizungusha, ikakataa. Jado akatia bomba kwenye mukono wa kile chuma ili apate nguvu. Chuma kikaanza kujipinda, winchi haikutikisika. Akachukua nyundo kubwa, akapiga mara moja. Ndani Mwalimu alilia, Mama, kilio ambacho bado nakisikia.

"Usipige!" Mama Odeta akasema.

"Basi tukate munyororo kwa mashine," Jado akasema, na tayari alikuwa anavuta waya wa umeme.

Mimi nilikuwa nimeinama naangalia. Tanki la esanse, mafuta ya gari, liko pale pale, kando ya pine. Na ile mashine inatoa cheche kama moto wa muhunzi. Nikasimama mbele ya Jado.

"Papa Jado, hapana. Kuna esanse hapa na mutu amelala juu yake."

"Weye wa juzi njo utanifundisha?"

"Sikufundishi. Nipe nusu saa. Nikishindwa, tutatafuta watu wanane wamubebe na ubao wake."

Alinitazama, akamutazama Mama Odeta. Mama Odeta akaniuliza: "Dada, unajua kweli?" Nikamujibu najua. Sikudanganya. Winchi kama ile niliwahi kuifungua kwenye gari bovu nyuma ya garaje, wakati wengine wanakula, kwa sababu nilitaka tu kujua inafanyaje.

Tukaweka mawe mbele na nyuma ya magurudumu, tukainua gari taratibu kwa kriki, chuma cha kuinulia gari, tukasimika vigingi vya chuma chini yake. Nikaingia kwa mugongo. Matope ya barabara ya Rutshuru yalikuwa yamekauka kwenye winchi kama tofali, na changarawe ndani. Nikayakwangua kwa bisibisi kidogo kidogo, nikapiga brashi ya waya, nikamimina mafuta mepesi, nikangoja yaingie. Mwalimu alikuwa juu yangu kabisa, tumetenganishwa na bati tu.

"Ni nani iko huko chini?" akauliza kwa sauti ndogo.

"Ni mimi, Noela."

"Musichana?"

"Ndiyo, Mwalimu."

Akasema: "Basi fanya pole pole. Wanafunzi wangu wasichana ndio wanaosoma swali mara mbili."

Nilicheka na machozi, matope yakaniingia kinywani. Nikamwomba Jado kriki ya pili. Nikaiweka na kipande cha ubao chini ya ile pine, nikaiinua upana wa kidole kimoja tu, ili uzito wote utoke kwenye munyororo. Munyororo ukalegea, na hapo nikaona: jiwe dogo, kama punje ya maharage, limebanwa kati ya munyororo na kigurudumu chake. Nikalitoa kwa waya niliokunja. Nikamwambia shofere: "Zungusha kwanza kama unapandisha. Kidogo. Sasa rudisha." Robo, tena robo. Ikalia tak! halafu munyororo ukaanza kushuka, taratibu; nikateremsha kriki, na pine ikafuata hadi chini.

Hakuna aliyepiga kelele, kwa sababu ya Mwalimu. Jado ndiye aliyefunga pine, na mimi nikakaza buloni za gurudumu. Walifika Kituku boti ikiwa bado inapakia magunia.

Siku nne baadaye Mama Odeta alipiga simu. Wamemupasua, wameunga mufupa, na muguu umebaki wake. Na Patron aliporudi, Jado mwenyewe alimwambia: "Mimi ningechoma gari. Noela njo aliokoa." Haikuwa rahisi kwake, Mama, na kwa neno hilo ninamuheshimu. Ile gari iliporudi, Patron alinikabidhi winchi yote niifungue, niisafishe, niipake mafuta mazito. Sasa inashuka kwa vidole viwili.

Mama, Paskali aliniambia kwamba kwenye shirika la wamama unasema mimi ni karani wa biro, eti nakaa ofisini. Sikukasirika. Najua walivyokucheka nilipoondoka kwenda kujifunza ufundi wa magari. Lakini wakikuuliza tena, waambie kazi yangu, bila kuinamisha uso.

Unisalimie Baba mudogo anayechunga ng'ombe, na Shangazi mushonaji, mwambie nguo aliyonishonea naivaa misa tu isipate grisi. Katekista wetu aniombee. Mudogo wetu Zawadi asome. Nakubusu mikono yote miwili.

Ni mimi mutoto wako,

Noela, fundi wa magari