Nyumba ya Nyuma ya Machinjio

Shoga, nimetoka kutapika sasa hivi. Usicheke!

Kaka kanipeleka kuona nyumba anayotaka kununua. Iko katikati ya mji, bei ya kutupa. Nikajua tu hapa kuna jambo.

Kufungua dirisha la jikoni, uso kwa uso na machinjio! Damu mtaroni, nzi kama wamealikwa, na harufu... yaani ile harufu! Dalali mwenyewe kabaki barabarani, leso puani.

Kaka kavuta pumzi, eti, "Mdogo wangu, sokoni ni hapo tu!" SOKONI! Si unajua anasafisha ngozi mbichi kiwandani? Pua ilishakufa zamani.

Nikamuuliza, "Na mkeo je?"

"Atazoea. Mbona mimi alinizoea?"