Namba 318 Imepita

Dada yangu mpenzi,

Salamu nyingi zikufikie huko uliko, wewe, shemeji na watoto. Natumaini kifua cha yule mdogo kimetulia. Sisi hapa tunaamka, tunakula kidogo, tunalala. Presha ya Mama imeshuka, ila bado anamtengea Baba maji ya kuoga kila asubuhi, kisha anayamwaga mwenyewe.

Karatasi uliyonitumia nimeipata. Umeiandika vizuri, tangu utotoni ukishika kalamu mtu hachomoki. Unataka niweke sahihi kama shahidi kwamba Baba alipita kwenye meza yangu ya maji kwa wakati siku ya mbio, na kwamba Mkia alizembea, akaondoa tepe za njia huku mtu bado yuko nyuma yake. Wiki ya tatu sasa Mkia yuko rumande, na kesi inasikilizwa Jumatatu. Tafadhali nisome mpaka mwisho.

Wewe hukuwahi kuliona lile korongo la jangwani. Watu hutoka mbali kuja kukimbia mle nusu marathoni kwa sababu ya uzuri wake: kuta za mawe mekundu pande zote, na mto mwembamba unaokata mchanga chini. Lakini ikifika saa tano, uzuri wote unageuka tanuri. Ndiyo maana meza yangu, kilomita ya kumi na nne, hufungwa saa nne kamili, na aliyechelewa hupandishwa lori. Kila anayepita namtia tiki kwenye orodha. Orodha ikitimia, Mkia, ambaye kazi yake ni kukimbia nyuma ya wote kuanzia hapo mezani, huondoka akikusanya tepe nyekundu zinazoonyesha njia.

Mwaka jana Baba alipandishwa lori hilo. Unakumbuka alivyorudi: fundi wa kuchomelea vyuma, mtu wa mdomo, lakini siku nne hakumtania mtu. Mwaka huu alifanya mazoezi kila alfajiri na goti lake bovu. Majirani wakamcheka, naye akawacheka kwa vitambi vyao. Siku moja kabla ya mbio aliniambia nisimwache apande lori mbele ya watu tena. Nilidhani ni utani wake.

Yaliyofuata unayajua. Kilomita mbili mbele ya meza yangu korongo linagawanyika: kushoto ndiyo njia, kulia hakuna maji wala pa kutokea. Alipofika pale hapakuwa na tepe hata moja. Akashika kulia. Walimpata kesho yake mchana, ameketi ameegemea ukuta wa jiwe, viatu amevua, soksi amezitia ndani.

Mke wa Mkia alipokuja msibani, ulimwambia mlangoni kwamba hana haya, akageuka akaenda zake na mtoto mgongoni. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma yako.

Sasa nivumilie, Dada. Kule stoo ninakofanya kazi tuna mazoea yetu: lori likionekana getini, karani anautia mzigo tiki kabisa kabla haujaingia, kazi isichelewe. Siku ile, saa nne kasoro dakika moja, niliiona kofia ya njano ya Baba kwenye kona, mbali. Nikasema moyoni, huyo yuko getini. Nikaitia tiki namba yake, 318. Mkia akaniuliza mara mbili kama wote wamepita. Nikamwambia wote. Akaondoka na mfuko wake wa tepe.

Baba alifika saa nne na dakika kumi na tisa, anachechemea, midomo imekauka. Ningeweza kumzuia. Redio ya kumwita Mkia ilikuwa pale pale mezani. Lakini niliona aibu kuwaambia wakubwa wa mbio kwamba nimeandika uongo. Baba akaniuliza kama nimemfungia. Nikamwambia hapana, akaze mwendo tu, Mkia hayuko mbali, atamfikia. Akajimwagia maji kichwani, akanishika shavu, akasema asante mwanangu, akaenda. Dereva wa lori alipokuja kuuliza kama kuna aliyebaki, nikasema hakuna.

Kwa hiyo si Mkia. Ni mimi niliyemuua Baba, kisha nikamwachia mwenzangu kesi. Nalia ninapoandika haya, na najua kilio changu hakimfai mtu.

Karatasi yako sitaitia sahihi. Kesho asubuhi naenda kituoni kuyasema haya haya. Mama nimemwambia leo mchana, kabla ya kukuandikia. Hakulia wala hakunitukana. Alitoka nje, akaanua nguo zote kambani, zangu akaziacha. Jua linazama sasa, na bado ziko pale.

Msalimie shemeji, na watoto uwabusu. Ukija Jumatatu, pitia kwanza kwa mke wa Mkia. Mimi hutanikuta nyumbani.

Wako, kama bado utanikubali,
Mdogo wako