Watu wa Tyttö

California, 4 Mei 1969

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute mzima, goti limepoa, na Baba naye hajambo. Mimi nimefika salama, ila joto la huku linanitoa jasho la sauna bila raha ya sauna.

Wale nyangumi wauaji wawili tuliowauza wamefika hai. Njia nzima tuliwamwagia maji ndani ya lori, wamefunikwa mashuka yaliyolowa, na yule jike mdogo alikuwa akilia. Sikujua wanalia, Mama. Kwetu kisiwani Sointula tumezoea kuona mapezi yakipita tu, na Baba akiwatukana kwa kumlia samoni wake.

Mwanzoni waligoma kula. Mkuu wa bustani hii ya maonyesho ya wanyama wa bahari, Bwana Whitcomb, aliwarushia samaki wadogo wa heringi waliokufa, nao wakawaacha wazame. Nikaingia majini mpaka kifuani, nikamshikia yule jike samaki mbele ya mdomo huku nikimsemesha Kifini, upuuzi mtupu, kama unavyomsemesha ng'ombe wako. Akachukua. Samaki wa pili akampelekea yule dume. Whitcomb akapiga makofi: "Huyu Mfini haondoki hapa!"

Bustani wamempa yule jike jina refu la kifalme. Mimi namwita Tyttö, 'msichana' kwa Kifini chetu, maana ni msichana tu. Mwambie Baba nitarudi samoni wakianza kuingia. Asitoke na mashua peke yake.

Mwanao,
Reino

Sointula, 20 Agosti 1969

Reino mwanangu,

Salamu zangu na za baba yako. Goti ni lile lile, mvua ikitaka kunyesha linaniambia kabla ya redio. Unakula lakini? Wanajua kuoka mkate wetu mweusi wa nafaka ya rai huko, au mnakula ule mweupe unaonata kwenye meno?

Samoni wameingia, wametoka, wewe hukuonekana. Baba yako alitoka peke yake.

Kuna jambo hataki nikwambie. Tangu mlipowanasa wale wawili kwa wavu wake na kuwauza, wenzao wanarudi. Wanakuja mpaka mdomo wa ghuba, wanasimama palepale mlipoufunga wavu. Kuna jike mkubwa, pezi lake limepasuka. Anakaa akipumua tu, na wengine wamemzunguka. Nikamwambia baba yako, "Armas, yule ni mama, anatafuta mtoto." Akanijibu, "Helvi, yule ni samaki, anatafuta samaki." Lakini alisema amegeukia ukuta. Na siku hizi anaizungusha mashua upande wa pili wa kisiwa, njia ndefu, ili asipite pale.

Rudi nyumbani. Kwani kumlisha hawezi mtu mwingine?

Mama yako

California, 11 Januari 1970

Mama mpendwa,

Shikamoo. Heri ya mwaka mpya kwako na kwa Baba. Mimi mzima wa mwili.

Najua uliniwekea sahani Krismasi. Unisamehe. Yule dume amekufa. Ilianza kama mafua, pumzi ikawa inanuka, daktari akamchoma sindano mpaka akachoka yeye. Tyttö alikuwa akimnyanyua kwa kichwa ili apate hewa. Aliendelea kumnyanyua hata alipokuwa ameshakufa, hakumwachia mtu, mpaka wakapunguza maji ya bwawa wakamtoa kwa winchi. Whitcomb alisimama ukingoni, kofia mkononi. Nilidhani atalia. Kisha akaivaa, akauliza, "Jumamosi yule jike ataweza kuruka kwenye onyesho?"

Aliruka. Watu walishangilia.

Nilijaribu kuja, Mama. Nilifika mpaka San Francisco. Whitcomb akapiga simu hotelini kwamba tangu nimeondoka Tyttö hajagusa samaki, anazunguka tu bwawani. Nikageuza. Sasa yuko peke yake, na bwawa lenyewe akipiga mkia mara chache amelimaliza.

Mwanao,
Reino

Sointula, 28 Novemba 1971

Reino,

Sisi hatujambo, maana yake mimi sijambo.

Tumemzika baba yako Jumanne. Watu walileta kahawa na mikate, ukumbi ulijaa. Waliniuliza, "Kijana yuko wapi?" Nikasema ndege imekwama kwa ukungu. Kisha nikaenda jikoni nikaosha vikombe vilivyokuwa safi.

Simu yako nimeipata. "Hatakula nikiondoka." Nimeielewa. Kuielewa ni kitu kimoja.

Siku za mwisho baba yako alikuwa akitaka kitanda kisogezwe dirishani, aone ghuba. Hao wenzake Tyttö wakipita, anawafuata kwa macho. Mara moja tu alisema, "Ningeufungua ule wavu wakaondoka, nani angenilaumu?" Nikamwambia hakuna. Akasema, "Basi, ndiyo hivyo."

Mama yako

Sointula, 2 Aprili 1973

Reino mwanangu,

Hujaandika, nami sijaandika. Mmoja wetu lazima aanze, na mimi ndiye mkubwa. Hujambo? Unalala vizuri?

Nina mgeni, binti mmoja wa chuo kikuu, Dorothea. Amepanga chumba changu cha mbele. Anateremsha kipaza sauti chini ya maji na kunasa sauti za nyangumi siku nzima, midomo imemgeuka buluu kwa baridi, na kahawa yangu anainywa kama mvuvi. Anasema kila ukoo una lafudhi yake, na hawa wanaopita kwetu ni ukoo mmoja, mkubwa wao ni yule mwenye pezi lililopasuka. Nikamsimulia habari za Tyttö. Akavua miwani.

Nimemwomba kanda ya sauti zao, nakutumia. Msikilizishe. Huenda itampa faraja, maskini, kusikia watu wake.

Mashua ya baba yako ipo, nimeipaka rangi. Kila mara nakuambia rudi, na leo nakuambia tena.

Mama yako

California, 30 Aprili 1973

Mama yangu,

Shikamoo. Kanda imefika.

Nilisubiri wageni watoke, nikafunga spika ndani ya mfuko wa plastiki, nikaishusha bwawani. Sauti ya kwanza tu, Tyttö alisimama. Nikaona mwili wote ule unatetemeka, kutoka kichwani mpaka mkiani. Akaja polepole, akaweka paji la uso kwenye spika, akajibu. Kwa sauti zilezile, Mama. Miaka yote hii, na hajasahau hata moja. Anaita, wanaita. Nililia kwa furaha, nikakuombea baraka kwa wazo lako.

Kisha kanda ikaisha.

Akaita. Akangoja. Akaita tena. Nikairudisha nyuma, nikaichezesha upya, na hapo akagundua. Sijui aligunduaje. Sauti zilikuwa zikisema yaleyale, hazimjibu alichosema yeye. Akarudi nyuma, akaupiga ukuta kwa kichwa mpaka maji yakawa mekundu.

Asubuhi hakuja kwenye onyesho. Alibaki palepale spika ilipokuwa. Whitcomb akanishika bega: "Umemfanya nini nyangumi wangu?" Nikasema, "Nimemsikilizisha mama yake." Akakaa juu ya ndoo ya samaki. Akasema, "Ungeniuliza, ningekukataza. Wala si kwa ajili ya tiketi."

Ameanza kula tena, kidogo. Lakini siwezi kumtazama, na yeye ananitazama. Nimeacha kazi. Mwezi ujao nakuja, nitatoka na mashua kama ulivyotaka siku zote.

Mwanao,
Reino

Sointula, 9 Mei 1973

Reino mwanangu,

Sijambo, goti nalo usiniulize. Usije.

Nimekaa na barua yako mezani mpaka kahawa ikapoa. Miaka yote nimekuita, na siku uliyokubali ndiyo siku ninayoshindwa kukupokea. Nilikuwa nimeshatandika kitanda chako. Nimekitandua.

Baba yako alimtoa Tyttö kwa watu wake kwa wavu. Wewe ulimfundisha kukaa, kwa samaki na Kifini chako. Mimi nikampelekea mama asiyeweza kumjibu. Ni sisi, mwanangu. Whitcomb atastaafu, daktari atapata kazi kwingine, na siku moja Tyttö atabaki na mtu ambaye hajui hata kama alikuwa na kwao. Hilo sitaki. Mimi nina majirani, Dorothea ananipigia kelele ndani, na nikifa wapo watu wa kunizika na kunywa kahawa yangu.

Mashua nimemwuzia jirani yetu Kalle Niemi leo asubuhi, usije ukapata kisingizio.

Nenda kamwombe Whitcomb akurudishe. Atakubali, hata yeye ana roho. Kisha uwe unafika mapema, kabla hawajafungulia ule muziki wao wa maonyesho. Usimfundishe kitu, usimpe amri. Ingia majini, ukae naye tu mpaka watu waanze kuja.

Mama yako