Yowe la Ermelinda Rebello

Mwaka umetimia, Dada Ermelinda, tangu tukuzike hapa kanisani kwetu Bandra, na simu yako bado haijatulia. Wiki hii amepiga kijana wa chama cha wapenzi wa filamu za kutisha. Wanataka baada ya misa yako ya kumbukumbu twende ukumbini, wapige rekodi ya lile yowe lako maarufu kwenye spika, na wanaomba ruhusa ya familia. Nimemwambia asubiri, kwa sababu kwanza nina neno na wewe.

Wasomaji wa gazeti hili wanakujua wa filamuni: pepo mwenye nywele mpaka magotini, nyayo zimegeuka nyuma, unatoka kisimani. Sisi tunakujua wa nyumbani, uliyekuwa ukifuta rangi za usoni kwa mafuta ya nazi huku unatafuna embe bichi kwa chumvi. Watoto wa mtaa walioogopa njia ya makaburini kwa sababu ya filamu zako, ni wewe uliyewashika mkono ukawavusha kila walipokwenda mafundisho ya kipaimara. Ulikuwa na moyo mweupe. Hilo silikatai.

Lakini kupiga yowe hukuweza. Ukianza tu, kicheko kinakutoka. Enzi zile picha zilipigwa kwanza, sauti zikaingizwa baadaye studio, na kwenye filamu yako ya kwanza ulisimama mbele ya kipaza sauti asubuhi nzima. Mwongozaji, Mzee Daruwala, akashika kichwa.

"Binti, huyu ni pepo anachomwa moto. Mbona kama anatekenywa?"

Mimi nilikuwa nimekuletea chakula cha mchana tu. Mende akanipanda mguuni. Nikapiga yowe, na Pascoal, fundi wa sauti, akainua mkono: "Hilo hilo. Mtu asiguse kitu."

Ulinivuta pembeni pale ngazini. "Clotilda, usimwambie mtu, hata mama. Nikishapata jina nitasema mwenyewe."

Jina ukalipata. Filamu kumi na moja, Dada, mimi nimo ndani ya kila moja, na hakuna hata moja iliyoandika jina langu. Siku ya harusi yako wageni waliomba uwapigie kidogo. Ukanifinya, nikaenda nyuma ya pazia kama mwizi, wewe ukafungua mdomo. Shemeji Agnelo aligundua mwezi wa pili wa ndoa, panya alipopita jikoni akakimbia yeye, mimi nikapiga yowe, wewe ukabaki unacheka.

"Kumbe nimeoa mdomo," akaniambia, "sauti iko kwa shemeji." Tulicheka wote watatu. Mimi nilicheka kidogo.

Nikangoja. Ulipokuwa mgonjwa kitandani wakaja watu wa televisheni, nikasema moyoni, leo ndiyo leo. Binti mmoja wao akakuuliza, "Mama, lile yowe ulilitoa wapi?" Ukanitazama. Nilikuwa nimeshika bakuli lako la uji. Ukasema, "Ni kipaji tu, mwanangu." Nikarudi jikoni nikaosha bakuli ambalo hata hujalimaliza. Hasira ya siku ile ninayo mpaka leo, na sioni aibu kuisema.

Halafu ukafa. Walipoanza kukuteremsha kaburini nilipiga yowe. Sikulipanga. Watu wote wakageuka, wengine wakafanya ishara ya msalaba, na mama mmoja nyuma yangu akasema, "Mungu wangu, ni yeye. Ni Ermelinda kabisa." Yaani hata kilio changu cha kukuzika wamekupa wewe. Mzee Pascoal peke yake, kwenye kiti chake cha magurudumu, alivua kofia akaniangalia mimi.

Basi yule kijana nimemjibu leo asubuhi. Spika waiache. Jumapili, baada ya misa ya saa nne, nitasimama mwenyewe mbele ya ukumbi nitaje jina langu, kisha nitapiga. Wewe utacheka huko uliko, kama kawaida yako.

Wanaokukumbuka: mumeo Agnelo, ambaye panya bado anamkimbiza, wanao Ruella na Valerian, watoto wa njia ya makaburini, ambao sasa wana mvi, na mimi mdogo wako Clotilda, niliyekupigia mayowe kumi na moja ya kazini, moja la harusini na moja la kweli.

Kukusahau hatuwezi.