Spika ya Baba, na Mimi Mjuaji

Jumapili, Makongeni ya Thika, kwa wazazi. Imenyesha tangu asubuhi, baridi ni ya kuvaa soksi mbili, na nina aibu na furaha kwa pamoja. Wacha niandike kabla sijaanza kujitetea.

Baba yangu amepiga gitaa tangu kabla sijazaliwa. Alipiga kwa harusi, akapiga kwa baa, siku hizi anampigia mama sebuleni. Amplifaya yake ni ya zamani, sanduku moja na spika iko ndani. Miezi mitatu iliyopita karatasi ya hiyo spika ilipasuka. Akaweka gitaa juu ya kabati, akaanza kukaa tu. Mama akanipigia simu: "Huyu mzee ananizeekea hapa."

Sasa mimi, kifungua mimba, mama wa kutatua mambo, sikuuliza mtu. Nikaingia duka moja huko Ruiru ninakoishi, nikasema wanipe spika kubwa kabisa. Muuzaji akauliza ni ya kazi gani.

"Ni ya sauti! Kwani spika huwa na kazi gani ingine?"

Nikatoka na dude la kutingisha disko. Likafungwa ndani ya amplifaya. Baba akachomeka gitaa, akapiga wimbo mmoja na nusu. Lilisikika kama limejifunika blanketi. Hiyo kasoro niliisikia vizuri sana, lakini nikangoja yeye ndiye aseme.

"Ni nzuri, mami. Asante."

Nilitaka kuamini, nikaamini.

Ananiita mami kwa sababu nimepewa jina la mama yake, vile sisi Wakikuyu hufanya. Tukiwa watoto, ndugu zangu walichapwa, mimi niliombwa. Nimeifurahia hiyo heshima maisha yangu yote, na sijawahi kujiuliza yeye humeza nini ili nipewe.

Wiki iliyopita mama akamwaga mtama. Kumbe baba hupiga gitaa kavu, bila kulichomeka, sikio amelilaza juu ya mbao. Akisikia nimefika kwa geti, anakimbia kuwasha amplifaya.

Mzee wa miaka sabini na mbili. Anakimbia.

Jana nikamchukua twende pamoja kwa fundi wa redio, hapa Thika mjini. Fundi akanifungua macho polepole, bila kunicheka. Spika ya disko ni ya besi. Gitaa linataka yake, ya karatasi nyepesi, inayoachilia zile sauti za juu, na namba ya ohm, ule ukinzani wa umeme ulioandikwa mgongoni mwa spika, ilingane na ya amplifaya, la sivyo utaiua. Alikuwa nazo tatu.

Baba akazijaribu zote. Mimi nikafunga mdomo, na hiyo ndiyo kazi ngumu zaidi nimefanya mwaka huu. Ya kwanza ilikuwa kali. Ya pili ilikuwa mpya, safi, hiyo niliipenda. Ya tatu ilikuwa kuukuu, haina nguvu, na ukipandisha sauti inakwaruza kidogo. Aliirudia hiyo ya tatu mara nne. Alikuwa anatabasamu na hajijui.

Halafu akaniangalia. "Si nichukue tu ile mpya, mami? Naona umeipenda."

Wueh.

"Baba, chukua hii ya kukwaruza."

"Hutakasirika?"

Hakuwa anatania. Mkono ulikuwa bado kwenye nyuzi, ananingoja. Nikamwambia sitakasirika, nikamlipa fundi hiyo ya tatu.

Sasa hivi anapiga, mlango wa sebule uko wazi, mama anaitikia akikunja nguo. Dakika chache zilizopita nilishindwa kuvumilia, nikaenda kumuuliza kama labda tungeisogeza hiyo amplifaya karibu na dirisha, ama tuiinue juu ya stuli.

Hakuinua hata kichwa.

"Mami, unaongea sana. Ngoja nimalize."

Nina miaka arobaini na moja. Nimerudi jikoni nikicheka, machozi yakinitoka, na nimenyamaza.