Foleni ya Madaftari

Kabati,
Jumapili, baada ya ibada.

Mama yangu mpendwa,

Nakusalimu kwa jina la Bwana wetu, nikitumaini kwamba barua hii itakukuta mzima, goti likiwa limetulia na mvua ikiwa imewakumbuka huko Kyuso. Je, ndengu zimetoa maua? Na ndugu yangu Musyimi bado anabishana nawe juu ya mkanda wa kisiagi chako cha unga? Mwambie akusikilize, mashine hiyo unaijua kuliko yeye anavyojijua. Sisi hapa tu wazima. Najua utashangaa kupata barua na simu ipo. Lakini wewe, mama, mwaitu wangu, simu huipokea kwa spika mbele ya wateja wote wa unga, na haya yanataka masikio yako peke yako kwanza.

Nianze na shukrani. Mwaka jana wakati kama huu kliniki yangu ilikuwa inakufa, nami nilikuwa nakudanganya kwamba tunasukuma vizuri. Wagonjwa walikuwepo, tena tele siku ya soko, lakini walikaa kwenye benchi tangu asubuhi, na kufikia saa saba nusu yao walikuwa wameenda zao. Mtu aliyekuja kuuza kuku hawezi kukaa kwangu kutwa huku kuku wake wanalia juani. Nami nilishikilia kila kitu mwenyewe: kuandika, kupima, kudunga sindano, kutoa dawa. Muuguzi wangu Mbithe, na cheti chake chote, nilimwachia kuita majina. Mwenye nyumba akanidokezea kwamba kuna muuza simu anayeutaka mlango wangu. Nilijua nikifunga, wazee wangu wa presha na sukari watalazimika kufuata dawa Kitui mjini, na wengi wao hawataenda.

Ndipo nikabadilisha mambo. Siku hizi mgonjwa akifika anaweka daftari lake la hospitali kwenye ubao mrefu kando ya mlango, nyuma ya lililotangulia, kisha anaenda sokoni kuuza vitu vyake. Zamu yake ikikaribia, anapigiwa simu. Mbithe anapima presha na sukari kabla mtu hajanifikia, na dawa zinatolewa kwenye dirisha la pili. Sasa nahudumia watu mara mbili ya wale wa zamani na saa kumi nimefunga. Mbithe anapata mshahara wake mwisho wa mwezi bila kunitazama kwa huruma, na mwenye nyumba amekumbuka tena kuniita daktari. Namshukuru Mungu kila asubuhi nikifungua ule mlango.

Habari zikaenea. Pasta Mutie akanisimamisha kanisani nitoe ushuhuda, akauliza maarifa hayo niliyapata wapi. Nikajibu kwamba niliyapata kwenye semina Nairobi. Nawe ulipopata habari ulinipigia ukicheka kwa furaha, na nasikia uliwaambia akina mama wa chama chenu kwamba binti yako amefunzwa na wataalamu wakubwa. Hukuniuliza walinifunza nini hasa, nami nikashukuru kwamba hukuuliza.

Sasa sikiliza yaliyotokea mwezi uliopita. Alikuja msichana mmoja aitwaye Mwongeli, mwenye mimba ya kwanza ya miezi minane. Daftari lake likawa la kumi na nne. Yeye hakwenda sokoni, aliketi nje ukutani, kichwa kikimgonga na miguu imevimba, akaona haya kumsumbua mtu kwa sababu foleni ni foleni. Mimi nilikuwa ndani, najivunia jinsi madaftari yalivyosogea bila kelele. Mbithe alipotoka kumwita, alimkuta ameanguka anatetemeka mwili mzima. Ilikuwa kifafa cha mimba. Nilimdunga dawa hapo hapo chini, na jirani yetu Kiragu, muuza mbao, akashusha mbao zake barabarani akatupeleka Kitui kwa gari lake. Mwongeli yuko hai na mtoto wake yuko hai. Mumewe alikuja kunishukuru na jogoo, na ule mchuzi, mama, nilimwachia Mbithe wote.

Maana sijawahi kuhudhuria semina yoyote. Foleni ile ni yako. Ni madebe yako ya mahindi, yaliyojipanga mbele ya kisiagi huku wenyewe wakiendelea na shughuli zao. Nimekua nikiyaona, nimesomeshwa nayo, na siku ya kuulizwa mbele ya watu waliovaa suti nikaona aibu kutaja unga. Na kwa kuwa nilikuficha, niliiba nusu tu. Nilisahau kwamba wewe hukuwa unakaa ndani. Kila mara ulitoka ukapita kando ya madebe, ukaangalia nani ameleta kidebe kidogo na ameacha watoto na njaa, ukamsagia huyo kwanza, na hakuna aliyenung'unika. Ningekuuliza ungeniambia. Sikukuuliza kwa sababu ungetambua mali yako. Hicho ndicho kilichotaka kumuua Mwongeli, wala si kitu kingine. Nisamehe, mwaitu.

Tangu siku ile Mbithe anatoka nje kila nusu saa kuangalia watu, siyo madaftari. Na leo asubuhi niliomba nafasi kanisani nikayasema haya yote, nikataja jina lako, Kyuso, na unga. Pasta akasema kwamba mama huyo anastahili kupigiwa makofi, na kanisa zima likasimama.

Alhamisi ya wiki ijayo wenye kliniki sita kutoka Wote, huko Makueni, wanakuja kujifunza tunavyofanya kazi. Nimewaambia mwalimu wao anatoka Kyuso. Musyimi akulete, nauli nimemtumia. Sitasema neno siku hiyo. Nitakaa kwenye benchi pamoja nao, na kalamu yangu, niandike ile nusu niliyoikosa.

Wasalimie majirani wote na akina mama wa chama. Ukipenda, wasomee hata wao barua hii. Mbithe anakusalimu sana.

Ni mimi binti yako akupendaye,
Kanyiva