Wanasema Nilichunguliwa Tu

Mshauri mpendwa, nakuomba unisaidie kabla sijakabidhiwa kisu cha kuvunia mpunga, maana siku zimebaki chache na uongo ulionifikisha hapa ni wangu mwenyewe.

Mimi ni mwanamke wa miaka arobaini na miwili, mama wa watoto watano, naishi Kibiti, na kwa miaka mitatu nilikuwa nikitokwa na damu kama bomba lililosahauliwa wazi, mpaka kaka yangu Hemedy, anayeuza vitambaa Dar es Salaam, akanipeleka kwenye hospitali moja ya binafsi, hizi zilizoruhusiwa siku hizi, na daktari akaniambia kuwa kizazi kimejaa uvimbe na hakuna budi kukitoa, ila hatanipasua tumbo, atatoboa matundu matatu, aingize kamera na vyuma vyembamba, atazame kwenye televisheni huku akikata, na kizazi chenyewe akipitishe kulekule walikopita wanangu. Nikakubali, nikatia sahihi. Lakini mume wangu Mshamu na mama yake nikawatumia salamu kwamba daktari atachungulia tu.

Nilidanganya kwa sababu ya wifi yangu Shamsia, dada yake Mshamu, ambaye mwaka juzi alitolewa kizazi kwa kupasuliwa hasa, na kabla mshono haujakauka mumewe akaoa mke mwingine Ikwiriri, naye Shamsia akarudi kwa mama yake na kovu lake, na kovu hilo amelifanya cheti, kila mgeni akipiga hodi lazima khanga ifunuliwe. Nikaona nikisema ukweli yatanifika yaleyale.

Siku niliyorudi, mshauri, tumbo liliniuma kiasi, lakini bega la kulia liliniuma mpaka machozi, na mavyaa akaanza kunihoji mbele ya watu.

“Wamekuchungulia wapi, mwanangu?”

“Tumboni, mama.”

“Na kinachouma?”

“Bega.”

“Haya jamani, njooni mwone! Mgonjwa wa tumbo anaumwa bega!”

Akataka kuviona vidonda. Akamwita Shamsia, akaweka shibiri yake juu ya lile kovu, ikajaa tele, kisha akaja kwangu akaweka ukucha wake mara tatu, akasema, “Shamsia shibiri nzima, nilimlaza siku arobaini nikampa uji mkononi. Wewe kucha tatu. Siku tatu zinakutosha.” Na Shamsia akadakia, “Wifi, mbu wa shambani Mbwera wananitoboa zaidi ya hapo.” Mshamu naye akaenda kusimulia barazani kuwa mkewe ametibiwa kwa televisheni, Bashiru mwenye kibanda cha video akamwuliza, “Kanda yake unayo? Leo sina picha mpya,” wakacheka wote, na mume wangu akacheka kuliko wote.

Sasa mpunga wetu wa Mbwera umeiva, boti inaondoka Nyamisati Jumatatu ya wiki ijayo, siku hiyo nitakuwa nimetimiza siku kumi na nane tu, na nimepangiwa kuvuna, kubeba na kutwanga, wakati nikichota ndoo moja moyo unakwenda mbio na jasho linanitoka, nikilala usingizi hauji, na Mshamu ameanza kukohoa kile kikohozi cha mume anayetaka jambo. Nikisema kilichotolewa, nitaletewa mke mwenza, nikinyamaza, nitavuna. Nifanyeje? Gazeti lenu hapa hutufikia likiwa limefungia maandazi, kwa hiyo nakuomba ujibu upesi kabla mafuta hayajakufuta.

Mwenye Kucha Tatu, Kibiti

*

Mwenye Kucha Tatu,

Pole. Pole hiyo ni ya tumbo. Ya ulimi hupati. Majina nimeyabadilisha, na barua yako nimeitanguliza mbele ya nyingine kwa sababu ya hiyo boti.

Tuanze na neno, kwa kuwa ndilo lililokuponza. Kuchungulia ni kutazama kwa siri bila kugusa, kama jirani afanyavyo dirishani. Daktari wako hakuchungulia. Alikata, akafunga mishipa, akatoa kiungo, akashona. Kitendo hicho kina jina, nalo ni upasuaji. Wewe uliwapa watu neno dogo, nao wakakupa mapumziko madogo. Mpaka hapo kosa lao ni kukuamini.

Kosa la mavyaa wako ni lile la kupima maumivu kwa shibiri. Mwambie hivi, maana ni mkulima na ataelewa. Mlinzi aliye kwenye dungu akisikia nguruwe ndani ya mpunga, hashuki kwanza kupima ukubwa wa pengo kwenye ua. Anapiga kelele, na shamba zima linaamka. Mwili ndivyo ulivyo. Ukikatwa ndani, unapiga kelele: unamwaga homoni, moyo unakimbia, sukari ya damu inapanda, usingizi unaruka. Nimemwuliza daktari ninayemwamini, akanieleza kuwa kelele hizo za mwanzo hutokea kwa aliyetobolewa kama kwa aliyepasuliwa. Tofauti ni kwamba kwa aliyetobolewa moto wa kidonda huwa mdogo na shamba hutulia mapema zaidi, ndiyo maana Shamsia alihitaji kunyweshwa uji nawe unashika kikombe mwenyewe. Lakini kutulia mapema si kutoamka kabisa. Nguruwe ni yuleyule, na alichokula ni kilekile.

Bega nalo halisemi uongo. Ili kamera ione, tumbo hujazwa gesi kama mpira wa baiskeli. Gesi inayobaki husumbua kiwambo kilicho chini ya mapafu, na mshipa wa fahamu wa kiwambo hicho unatoka shingoni, jirani na mishipa ya bega. Basi kiwambo kinaumia, bega linalia kwa niaba yake. Kwa kawaida hupita baada ya siku chache. Ulikuwa na ushahidi begani, ukakaa kimya ukichekwa.

Sasa mumeo. Unataka nikufundishe namna ya kulaza uongo wako vizuri zaidi. Sifundishi. Huwezi kumficha Mshamu, kwa sababu juu kabisa ya njia ile waliyopitia wanao kuna mshono, na mume anayekohoa hajui kama mlango una uzi. Ukimwacha aingie kwa ujinga, utachanika, na utapelekwa hospitali ukivuja damu, na ukweli utasemwa na daktari wa zamu mbele ya mavyaa. Chagua nani aseme.

Unaogopa mke mwenza. Siwezi kukuahidi kwamba hatakuja. Mwanamume anayetaka kuoa hajawahi kukosa sababu. Namjua mmoja aliyeoa kwa sababu mkewe wa kwanza alikuwa anakoroma. Mume wa Shamsia hakufukuzwa na kisu cha daktari, alikuwa ameshafunga mzigo wake. Wako anao watoto watano. Akidai kizazi chako anakihitaji bado, mwulize mtoto wa sita atamlisha nini.

Kwa hiyo fanya hivi, na ufanye leo. Mwite Shamsia kwanza. Ndiyo, huyohuyo mwenye cheti. Mwambie kilichotoka. Katika nyumba hiyo ni yeye peke yake anayejua kilivyo kulala bila kiungo ulichozaliwa nacho, na kejeli zake nyingi ni za mtu aliyekuwa akijionea huruma peke yake. Ukiwa naye pembeni, mwambie Mshamu kwa sentensi moja fupi: “Baba fulani, sikuchunguliwa, nilitolewa kizazi, nikakuficha kwa woga, nisamehe.” Usiongeze maneno. Ukiongeza utadanganya tena, nakuona.

Hupandi boti. Hubebi ndoo iliyojaa, hutwangi, hupakii gunia, mpaka wiki sita zipite. Ukizihesabu utakuta wiki sita za daktari na arobaini ya mavyaa wako zimepishana siku mbili tu. Mkumbushe, atafurahi kujua kwamba alikuwa sahihi kwa Shamsia. Tembea kidogo kila siku ili damu isigande miguuni. Kikohozi cha Mshamu kisubiri wiki nane, na baada ya hapo daktari akukague kwanza. Ukipata homa, damu nyingi, uchafu wenye harufu, tumbo kuzidi kuuma au mguu mmoja kuvimba, nenda hospitali siku hiyohiyo na usimtumie mtu salamu kwamba unakwenda kuchunguliwa.

Ukishamwambia, mpe Mshamu ukurasa huu asome mwenyewe, hata kama umefungia maandazi. Akifika hapa, nina neno moja naye.

Bwana, mpunga hauvunwi kwa kizazi. Unavunwa kwa mikono, nawe unayo miwili. Boti ni Jumatatu.